Kumsaidia tineja wa Nairobi ajijue: mwongozo kwa mzazi na mlezi

Mwongozo huu ni wa mzazi, shangazi, mjomba au mlezi yeyote anayeishi nyumba moja na kijana wa kati ya miaka 11 na 19 hapa Nairobi. Unaeleza jinsi kijana anavyofikia kujijua, yaani kuweza kusema yeye ni nani, anaamini nini, ni wa akina nani na anaelekea wapi, na jinsi mtu mzima anavyoweza kumsaidia bila kumfanyia kazi hiyo. Mawaidha peke yake hayatoshi. Kijana hujijua kwa kujaribu, kulinganisha, kuacha hiki na kushika kile, na mzazi anachompa ni nafasi, mipaka na muda.

Andaa daftari la kurasa 96, kalenda ya mihula ya shule, na pesa kidogo za kila wiki ambazo kijana atazitumia bila kuhojiwa. Shilingi 200 zinatosha kuanzia. Zitoke siku ileile kila wiki, na zisichanganywe na nauli wala chakula cha mchana, kwa sababu hizo tayari zina kazi yake na hazimfundishi kuchagua.

Hatua ya 1: Fahamu kila umri una kazi gani

Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1902 kisha akahamia Marekani, ndiye aliyelipa suala hili umbo tunalolijua leo. Mwaka 1950 aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane, na ya tano, takribani miaka 12 hadi 18, ndiyo aliyoiona kuwa ya kujijua au kuchanganyikiwa. (Mwenyewe hakumfahamu baba aliyemzaa, alikua kwa jina la baba wa kambo, na jina Erikson alijipa ukubwani. Alijua anachokiandika.)

Kati ya miaka 11 na 13 mwili ndio hutangulia. Wasichana kwa kawaida huanza kubalehe mwaka mmoja au miwili kabla ya wavulana, na ndiyo sababu darasa moja la Gredi ya 7 huonekana kama limeokotwa kutoka shule mbili. Katika umri huu kijana huamini kwamba kila mtu anamtazama, hali ambayo David Elkind aliieleza mwaka 1967. Chunusi moja kwenye paji la uso inaweza kumzuia kwenda dukani. Kumwambia "kwani nani anakuangalia?" hakusaidii, maana jibu lake ni "wote". Mwambie tu, "Naona inakusumbua," kisha umtume dukani jioni.

Kati ya 14 na 16 uzito huhamia kwa rika: mavazi, Sheng ya mtaa, muziki, mapenzi ya kwanza, kikundi. Kati ya 17 na 19 huja maswali yanayochukua muda mrefu zaidi, yaani kazi, imani, siasa, na nani wa kumwamini.

Jambo moja la ubongo linafaa kukumbukwa katika hatua zote zinazofuata. Sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 na Margo Gardner na Laurence Steinberg ulionyesha kwamba matineja waliocheza mchezo wa kuendesha gari wakiwa na wenzao walijitia hatarini zaidi kuliko wale waliocheza peke yao, ilhali kwa watu wazima tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo usimtake kijana aamue jambo zito mbele ya wenzake. Ukimuuliza pale getini, marafiki watatu wakiwa wamesimama, kama atakwenda ushago Desemba, jibu utakalopata ni la wale watatu.

Hatua ya 2: Chora alipo

Mwaka 1966 James Marcia aliichukua kazi ya Erikson akaipunguza hadi maswali mawili unayoweza kuyatumia nyumbani. Je, kijana amewahi kuchunguza zaidi ya njia moja? Je, ameshika msimamo wowote?

Katika daftari, andika vipengele hivi kwenye mstari wa kushuka: masomo na kazi, dini, kabila na lugha, marafiki na mapenzi, mwili na mavazi, vipaji, nchi na siasa. Mbele ya kila kimoja jibu yale maswali mawili kwa ndiyo au hapana. Utapata hali nne:

- Hajachunguza na hajashika chochote. Huyu husema "sijui, yote sawa tu" na huenda kokote anakosukumwa.
- Hajachunguza lakini ameshika. Amepokea alichoambiwa.
- Anachunguza, hajashika. Leo hivi, kesho vile; anachosha, lakini yuko kazini.
- Amechunguza, ameshika. Anaweza kukupa sababu yake, na kukuambia alichokiacha.

Kijana mmoja anaweza kuwa na hali zote nne kwa wakati mmoja: ametulia kwenye dini, anahangaika kwenye masomo, na siasa hata hajaigusa. Usitafute jina moja la kumbandika.

Wazazi wengi humhofia yule wa tatu, wa nywele za rangi na maswali mengi. Sisi tungewaomba wamwangalie zaidi wa pili: mtoto mtulivu wa Buruburu ambaye tangu chekechea anasema atakuwa daktari kwa sababu baba alisema. Hana kelele, alama ni nzuri, wageni wanamsifu. Mpime kwa swali hili: "Tuseme udaktari haupo duniani. Ungependa kufanya nini?" Akitaja vitu viwili vitatu na macho yakachangamka, yuko salama. Akikwama, au akiogopa kana kwamba ni mtego, basi mlango ulifungwa mapema mno, na siku alama zisipofika hatakuwa na pa kushika. Hapo hakuna haja ya kumvunja moyo na ndoto yake. Mwongezee ya pili pembeni, kupitia Hatua ya 4.

Rudia jedwali kila mwisho wa muhula. Kuanzia miaka 14 mpe ukurasa wake aujaze mwenyewe, na usiudai. Akikuonyesha, soma bila kalamu mkononi.

Hatua ya 3: Gawa mambo mafungu matatu

Keti na mlezi mwenzako kwanza, bila kijana, mwandike orodha.

Fungu la kwanza ni yasiyojadiliwa: usalama na haki za watu wengine. Pombe, bangi, muguka, kamari, kupiga au kuiba, kulala nje bila nyumba kujua, mapenzi na mtu mzima. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022 kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akiwa mrefu kuliko wewe. Fungu hili lisizidi mambo saba. Likifika ishirini kijana ataacha kutofautisha bangi na soksi chafu.

Fungu la pili ni ya kupatana: saa ya kurudi, simu usiku, kazi za nyumbani, kwenda kanisani au msikitini. Hapa kijana huleta hoja, wewe huleta yako, mkaandika mlichokubaliana na tarehe ya kukitazama upya. Saa ya kurudi, kwa mfano, ipangwe kwa njia anayopita. Anayeshuka kwenye steji yenye taa Umoja hana hatari sawa na anayetembea dakika kumi gizani kutoka barabara kuu.

Fungu la tatu ni yake: nywele wakati wa likizo, muziki, kuta za chumba au upande wake wa kitanda, na zile shilingi 200. Humo usiguse, hata uso ukikuwasha.

Kosa la kawaida ni kuweka nywele katika fungu la kwanza. Shule ina kanuni zake, na hizo mweleze ni za shule. Hata hivyo nywele si jambo dogo kwa kila mtu: mwaka 2019 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba msichana wa imani ya Rastafari asizuiwe kusoma kwa sababu ya rasta zake. Ukigombana na mwanao juu ya nywele, uliza kwanza kama ni mtindo au ni imani. Mtindo hupita wenyewe ukiachwa, na imani inataka mazungumzo ya Hatua ya 5.

Hatua ya 4: Jaribio moja kila muhula

Hii ndiyo hatua inayofanya kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa, kwa sababu inataka nauli.

Kila muhula kijana achague kitu kimoja kipya. Kiwe na siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na bajeti iliyoandikwa. Aahidi kutokiacha kabla ya wiki ya sita, maana wiki tatu za kwanza kila mtu ni mbovu na wiki ya nne huwa ya kuchoka. Akitaka kuacha baada ya hapo, ruhusu, kwa sharti moja: aandike sentensi tatu. Nilipenda nini, nilichukia nini, nimejua nini kunihusu. Sentensi ya tatu ndiyo unayolipia nauli.

Jijini hapakosi pa kuanzia. Mathare Youth Sports Association imekuwa ikiunganisha kandanda na usafi wa mtaa tangu 1987. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 katikati ya jiji, ina matawi Kaloleni na Makadara. Tuzo ya Rais hupokea vijana wa miaka 14 hadi 24 kwa ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na humtaka kijana ahudumie jamii, ajifunze ujuzi, afanye mazoezi na aende safari ya porini. Ni mojawapo ya mipango michache inayomjaribu mtu pande nyingi kwa mpigo. Kuna skauti, kwaya, klabu za drama shuleni, na fundi cherehani wa ploti ya pili ambaye hakatai msaidizi Jumamosi.

Mambo huharibika kwa njia tatu hivi. Mzazi hununua gitaa jipya wiki ya kwanza, halafu kijana hawezi tena kuacha bila kuonekana mwizi. Azima, kodi, au nunua la mtumba baada ya wiki ya sita. Mzazi hugeuza jaribio kuwa kazi ya maisha, akiwaambia majirani "huyu wangu ni msanii" kabla mtoto hajajua nota. Au mzazi huenda kila mazoezi, na kijana anabaki mtoto wa mama palepale alipokuwa ameenda kujaribu kuwa mtu mwingine.

Kuna majaribio mengine ambayo hayana bajeti: kubadilisha jina la utani, kuiga lafudhi, kuvaa nguo nyeusi mwezi mzima. Haya ni rahisi na karibu yote hurudi. Suruali iliyochakaa ya shilingi 150 kutoka soko la mitumba la Toi ni utafiti wa bei nafuu.

Hatua ya 5: Zungumza ukiwa pembeni, si usoni

Matineja huongea zaidi macho yakiwa kwenye kitu kingine. Kuchambua sukuma, kuosha vyombo, kukaa kiti kimoja kwenye matatu iliyokwama Thika Road: dakika 15 za namna hiyo, mara tatu kwa wiki, zina faida kuliko kikao cha saa mbili Jumapili jioni kinachoanza na "keti hapo".

Uliza "ilikuwaje?" na "ni nini hasa?" badala ya "kwa nini?", ambalo kutoka kwa mzazi husikika kama kesi imeshasomwa. Baada ya kuuliza, nyamaza. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema neno.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 15, jikoni, Jumamosi usiku:

"Mum, mimi kanisa siendi tena."

Jibu linalokuja haraka ni "Katika nyumba hii tunamtumikia Mungu," na mlango wa chumba utafungwa kwa kishindo. Jaribu hili:

"Haya. Shida ni kanisa lenyewe, ni mahubiri, ama ni watu?"

Kimya. Sufuria inasuguliwa.

"Ni ile grupu ya vijana. Wananicheka vile navaa."

"Kesho ungependa kukaa wapi?"

"Na nyinyi. Kule kwa watu wazima."

Suala lilikuwa marafiki, na likatatuliwa kwa kubadilisha benchi. Kama angejibu "ni mahubiri, siyaamini", basi ungekuwa mbele ya uchunguzi wa imani, na hapo mwambie unachoamini wewe na kwa nini, kwa dakika mbili, kisha umuulize anachosoma au anayemsikiliza. Suala la kuhudhuria liende fungu la pili. Kijana anayelazimishwa kuficha shaka haachi kuwa nayo, huwa anaipeleka kwa watu usiowajua.

Epuka kabisa kumlinganisha na mtoto wa jirani, kumcheka mbele ya wageni, na utabiri. "Utaishia kama mjomba wako" ni kauli mbaya kuliko kofi, kwa kuwa kijana anayetafuta yeye ni nani anaweza kuichukua kama jibu.

Hatua ya 6: Kabila, lugha na ushago

Mtoto wa Nairobi huulizwa "wewe ni wa wapi?" na mara nyingi majibu yake hayatoshi. Akisema Kayole, anaambiwa "hapana, kwenu hasa". Akitaja kaunti ya babu, anasemeshwa lugha asiyoijua na kuchekwa. Wazazi wakiwa wa makabila mawili, au matatu ukihesabu nyanya, mambo huongezeka. Baadhi ya wazazi, hasa baada ya ghasia za mwanzoni mwa 2008, waliamua kutotaja kabila nyumbani kabisa. Nia yao ilikuwa njema, ila uchaguzi ukikaribia, na mwingine ni Agosti 2027, mtoto asiye na maelezo ya nyumbani huyapokea ya wanasiasa na ya mitandaoni.

Fanya hivi likizo ya Aprili au Agosti, wakati nauli za ushago hazijapanda kama za Desemba.

Mtayarishie kijana mahojiano na mzee mmoja wa kila upande: nyanya, shosho, guka, kuka, mnavyoita kwenu. Asiwe na zaidi ya maswali manane. Jina langu limetoka kwa nani, na mtu huyo alikuwaje? Nyumba ya kwanza unayoikumbuka ilikuwa wapi? Nani wa kwanza kwenda Nairobi, na alifuata nini? Ulikuwa na umri wangu mwaka gani, na siku yako ilianzaje? Ni kitu gani ulikatazwa ukakifanya? Swali hili la mwisho ndilo huwafungulia wazee midomo. Arekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na simu iwekwe juu ya meza, si mkononi.

Kama hajui lugha, usimtafsirie kila sentensi. Mpe kwanza salamu tatu sahihi, majina ya ndugu anayopaswa kuwaita, na sentensi moja ya kuomba radhi kwamba anajifunza. Ukimfundisha nusu saa kabla ya safari atafika amebeba kitu. Wajomba wakimcheka, wewe ndiye wa kuwazuia, palepale. Kicheko cha siku ya kwanza huondoa hamu ya miaka kumi.

Baadaye msaidie kupata jibu lake la "wewe ni wa wapi?" ambalo ni la kweli na halimwaibishi: "Nimezaliwa Pumwani, baba ni wa Siaya, mama ni wa Murang'a, nyumbani tunaongea Kiswahili." Alifanyie mazoezi kwa sauti. Linaonekana jambo dogo, ila kijana mwenye sentensi hiyo tayari hababaiki akiulizwa bwenini siku ya kwanza.

Kuhusu Sheng: iache. Ni lugha ya rika lake, ilikulia Eastlands, na anajua vizuri kuliko wewe ni wapi isitumike. Anapoongea na mwalimu mkuu kwa Kiswahili sanifu, kisha na makanga kwa Sheng, anaonyesha anajua ni nani anaongea naye.

Hatua ya 7: Kuvuka rika

Familia nyingi zenye mila ya tohara zilikuwa zikiifanya baada ya mtihani wa darasa la nane. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na tangu hapo wazazi hawakubaliani: wengine hupeleka mvulana mwisho wa Gredi ya 6, wengine wa Gredi ya 9. Ushauri wetu ni kutazama mafunzo yanayoambatana nayo. Mvulana wa miaka 12 hupona haraka lakini nusu ya atakayofundishwa kuhusu utu uzima bado hayamhusu. Ukimpeleka mapema, panga siku mbili za mafunzo tena akiwa na 15.

Kabla ya kulipia mpango wowote wa tohara na mafunzo wa wiki moja, uliza: nani anatibu kidonda na ana leseni gani? Nani analala na wavulana? Mzazi anaweza kuja bila taarifa? Wanafundishwa nini kuhusu wasichana? Mpango usiojibu swali la tatu, usimpeleke. Baada ya kurudi, mpe jukumu jipya ndani ya wiki mbili, kwa mfano kununua umeme wa tokeni na kuweka hesabu yake. Heshima bila jukumu huishia kwenye kiburi kwa dada zake.

Zipo jamii zisizo na mila hiyo, na mvulana wao wakati mwingine hudhihakiwa shuleni. Ajue mapema kwamba kwao utu uzima ulipimwa kwa njia nyingine, na aelezwe ni ipi.

Kwa wasichana, ukeketaji ni kosa kwa sheria ya 2011, hata ukifanywa nje ya Kenya. Lakini wasichana wengi wa jiji hawapewi chochote zaidi ya pakiti ya sodo. Watafutie siku nzima na shangazi wawili wanaosema kweli, chakula kizuri, na jukumu jipya kama la kaka yao.

Hatua ya 8: Simu

Mitandao mingi ya kijamii huweka miaka 13 kuwa umri wa chini. Kijana kuwa na akaunti mbili, moja ya watu wote na nyingine ya marafiki wachache, mara nyingi ni jaribio kama yale mengine: anapima sura ipi inakubalika. Cha hatari ni kwamba jaribio la mtandaoni halifutiki kama suruali ya Toi. Patana naye mambo matatu: hakuna picha ya mwili bila nguo, kwa mtu yeyote, simu inalala sebuleni kuanzia saa nne usiku, na mara moja kwa mwezi anakuonyesha mwenyewe anachotaka ukione. Kupekua kwa siri kutakupa habari mara moja, baadaye atajifunza kuficha vizuri zaidi. Pekua tu kama kuna dalili za Hatua ya 10, na umwambie umepekua.

Hatua ya 9: Gredi ya 9 na mkondo

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mikondo ni mitatu: wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; wa pili ni Sayansi za Jamii; na wa tatu ni Sanaa na Michezo. Juu ya masomo ya lazima, kijana huchagua matatu.

Anza mwanzoni mwa Gredi ya 9. Kijana aandike kazi tano anazozifikiria, kisha atumie saa mbili na watu wawili wanaozifanya: fundi wa vyuma Kariobangi, muuguzi wa kliniki ya mtaa, mhariri wa video. Aulize kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita wanafanya nini hasa. Ndoto nyingi huanguka kwenye swali hilo, na ni afadhali zianguke sasa. Halafu angalia kama shule anazozitaka zina michanganyiko ya masomo hayo, kwa sababu si kila shule ina yote.

Wazazi husukuma mkondo wa sayansi kwa sababu ya sifa; vijana hufuata shule ya rafiki. Dawa ya yote mawili ni aya moja ya maandishi yake: nachagua hiki, kwa sababu hizi, na nikigundua hakinifai nitafanya hivi. Sababu ikiwa ni jina la mtu mwingine, mrudishe kwenye zile kazi tano.

Hatua ya 10: Tofautisha kutafuta na kuzama

Kubadilisha marafiki, mavazi, muziki au maoni si ugonjwa. Chukua hatua ukiona huzuni au hasira isiyoisha kwa wiki mbili, usingizi au chakula kuvurugika, kuacha kila alichokipenda, alama kushuka ghafla, pesa au simu mpya isiyo na maelezo. Chukua hatua siku hiyohiyo akizungumzia kufa, akijikata, au akigawa vitu anavyovipenda. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, na mpeleke hospitali iliyo karibu au hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Thika Road. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo saa 24, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe. Iandike kwenye jalada la ndani la lile daftari.

Hatua ya 11: Kitambulisho

Akifikisha miaka 18, mwache aifanye safari ya kitambulisho yeye mwenyewe. Tafuta mapema cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Jina lililokosewa herufi kwenye cheti ndilo huwarudisha wengi nyumbani, kwa hivyo likague miezi michache kabla. Fomu itamuuliza kabila, ukoo na lokesheni ya nyumbani. Ukienda naye, keti nyuma na usijibu kwa niaba yake, hata karani akikutazama wewe.